Aliyeshika Ngazi

Ukurasa ulikuwa na sentensi tano tu.
Kituo cha reli cha Salgava: mwaka wa kujengwa,
idadi ya majukwaa, rangi ya matofali,
na ile ya nne: "Saa ya ukutani ilisimama
ilipopigwa na radi, mwaka 1952."
Ya tano siikumbuki.

Zelma Straupe, miaka themanini na saba,
aliifuta radi saa kumi alfajiri.
Akaandika: "Haikuwa radi. Alikuwa mama yangu."

Ritvars akairejesha kabla chai haijapoa.
Akamtajia kanuni, kwa adabu, na namba yake:
hatuandiki tulichokiona,
tunaandika kilichochapishwa.

Akaifuta. Ikarudi. Akaifuta. Ikarudi.
Sijapata kuona radi yenye bidii kama ile,
mara kumi na moja kwa juma moja,
kituo kilekile.

Nikaitwa mimi niamue.
Usiku napima damu katika maabara ya hospitali, Valmiera;
mashine zikizunguka nafungua kompyuta
nasuluhisha ugomvi wa watu nisiowajua:
herufi kubwa au ndogo, urefu wa mto,
mchoraji fulani alizaliwa upande gani wa mpaka
uliohama mara mbili kabla hajaota meno.
Niliiona kazi nyepesi, kama kupanga chupa.

Nikaufunga ukurasa kwa kufuli.
Nikamwandikia: "Bibi Straupe, una chanzo?"

Akajibu siku ya tatu, kwa herufi kubwa tupu.
(Hakuwa akifoka. Macho yake yalikuwa mabovu.
Hilo nililielewa nimechelewa.)

MACHI, AROBAINI NA TISA. TRENI ILIKUJA KUCHUKUA WATU,
MABEHEWA YA NG'OMBE. MAMA ALIKUWA MFAGIZI WA KITUO.
ILIPOONDOKA ALIPANDA, AKAUZUIA MSHALE
KWA MPINI WA UFAGIO MPAKA KITU NDANI KIKAVUNJIKA.
AKASEMA, WAKIRUDI ITAENDELEA.
WAKUBWA WALIPOMUULIZA ALISEMA NI KUTU.
CHANZO NI MIMI. MIMI NDIYE NILIYESHIKA NGAZI.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Lakini kanuni zetu hazina macho, na si bure:
kwa mlango huohuo wa "mimi nilikuwepo"
nimeona waongo wakipita wamevaa suti.

Nikaipa radi ushindi.

Novemba, Ritvars mwenyewe,
kwa ule uaminifu wake unaoudhi,
aliifuata tanbihi mpaka mwisho wake.
Gazeti la mkoa, mwaka 2014. Akamwandikia mwandishi:
Hiyo radi uliitoa wapi?
Kwenye ukurasa wenu, akajibu.
Na ukurasa ulipewa radi mwaka 2009
na mtu asiye na jina, mchana mmoja,
ambaye hakurudi tena.
Gazeti na ukurasa, miaka yote ile,
wakivishana kilemba cha ukoka.
Lisemwalo lipo, tunaambiwa.
Hili lilisemwa kwanza, ndipo likawepo.

Tukaifuta radi. Tukabakiza: "Saa ilisimama."
Zelma akaandika neno moja chini yake:
NANI?

Hatukumjibu. Hatukuwa na chanzo.

Februari, gazeti lilelile, ukurasa wa mwisho,
kati ya kuni za kuuza na trekta kuukuu,
mpwa wake alilipia mistari minne:
Zelma Straupe, binti wa Alvīne,
mfagizi aliyeisimamisha saa ya kituo.

Imechapishwa. Nikaiweka tanbihi usiku uleule,
mikono ikinukia dawa ya maabara.

Asubuhi haipo. Mhariri mgeni, jina lake la ndege:
"Tangazo la kulipiwa. Si chanzo huru."
Ana haki. Kanuni hiyo nimewatajia wengi mwenyewe,
kwa adabu, na namba yake.

Sasa ni saa tisa za usiku. Damu za watu zinazunguka.
Sentensi ya nne iko wazi mbele yangu,
kishale kinawaka, kinazima.
Sijaandika. Sijafunga.
Nimeshika tu hapa chini, kwa mikono miwili,
kama mtoto aliyeambiwa asiachie.